Mkubwa kwa Siku Moja

Darasani kwetu hakukuwa na mtoto aliyezaliwa mwezi wa Machi. Wala Juni, wala Septemba. Ukilifungua daftari la darasa la tatu, mwaka wa sabini na moja, ungedhani mama zetu walikuwa wakijizuia mpaka ifike sikukuu ya taifa ndipo waende kujifungua. Walikuwepo watoto wa Saba Saba, watoto wa Mei Mosi, watoto wa Muungano, na kundi la watu kumi na mmoja waliozaliwa tarehe tisa Desemba, siku ya Uhuru.

Hiyo ilikuwa kazi ya mwalimu mkuu wetu, mtu wa Bukoba, mwembamba, mwenye kalamu mbili kwenye mfuko wa shati, ya bluu na nyekundu, na punje za kahawa za kutafuna kwenye mfuko wa suruali. Siku ya kuandikishwa shule aliwauliza wazazi mtoto kazaliwa lini. Wazazi wetu walijua vizuri sana, ila hawakujua kwa lugha ya daftari. Mmoja alisema mtoto wake alizaliwa wakati wa kuvuna mtama, siku tatu baada ya fahali wa jirani kutumbukia kisimani. Mwingine alisema ni wakati wa kupanda pamba, mvua ya kwanza ilipobomoa jiko. Mwalimu alisikiliza kwa adabu mpaka mwisho, kisha akaandika kwa utaratibu wake mwenyewe: wa mavuno akampa Saba Saba, wa masika akampa Muungano, wa kupanda akampa Uhuru. Aliyekosa maelezo kabisa naye alipewa Saba Saba, maana mwalimu aliipenda siku hiyo. Hakuna mzazi aliyelalamika. Wengine walirudi nyumbani wakitembea kwa maringo kama waliopewa cheo.

Mimi niliwadharau wote. Niseme ukweli, nilikuwa mtoto mwenye majivuno, na sababu ya majivuno yangu ilikuwa moja: tarehe yangu haikuwa ya mwalimu. Mimi nilizaliwa siku ya Uhuru kwelikweli, na mama alikuwa amenisimulia mara nyingi kuliko nywele zangu.

Alinisimulia akiparua furu. Vijana wa sasa hawawajui furu. Walikuwa samaki wadogo wenye miiba mingi, tuliowala kila siku tukawachoka, mpaka sangara alipojaa ziwani akawamaliza, ndipo tukaanza kuwalilia. Basi mama akishika furu mkononi alisema: mvua ya mwaka ule ilikuwa haina huruma, njia zote zilijaa maji, baba yako akanibeba kwa baiskeli mpaka zahanati ya misheni, nusu ya njia ameisukuma. Asubuhi watu wakapita nje na ngoma kwenda kwenye sherehe. Muuguzi akawafukuza, wakarudi, akawafukuza tena. Waliporudi mara ya tatu, wewe ukatoka. Hapo alinipiga kidogo shavuni kwa mkono unaonuka samaki. Sijawahi kusikia hadithi nzuri kama ile.

Kijiji chetu kilikuwa kipya, cha ujamaa, katikati ya Kisesa na ziwa. Watu walikuwa wametoka huku na huku, hawajajuana sana. Kutoka kwetu kwa zamani tulikuja familia mbili tu, sisi na bibi mmoja mwenye miguu ya kuvimba, aliyekuwa akimlea mjukuu wake wa kike. Mama yake yule mtoto alikufa kwa uzazi, na kila mtu alijua kwamba mama yangu ndiye aliyemnyonyesha miezi ya kwanza, mimi titi hili, yeye lile. Tulikua pamoja. Tulikwenda kuchota maji pamoja, tulikula michembe, vile viazi vitamu vya kukaushwa juani, kwenye bakuli moja, na tulipigana mara kwa mara. Alikuwa mpole, lakini ukimchokoza aliuma.

Yule bibi alikuwa na jambo moja ambalo sisi watoto hatukulielewa. Kila siku ya Uhuru alifunga mlango. Kijiji kizima kilikuwa kwenye ngoma, balozi wa nyumba kumi amefungua redio sauti ya mwisho, na mlango ule ulikuwa umefungwa tangu asubuhi, mjukuu yumo ndani. Kesho yake walitoka kama kawaida. Tulidhani bibi hapendi kelele. Na bibi huyohuyo, alipoulizwa na mwalimu mjukuu wake kazaliwa lini, alijibu kwamba kazaliwa wakati mgumu, akanyamaza. Ndiyo maana rafiki yangu aliandikwa Saba Saba.

Mwezi wa Novemba ikaletwa barua shuleni. Uhuru unatimiza miaka kumi, na kila shule ya upande wetu itoe mtoto mmoja aliyezaliwa siku ileile, aje Mwanza mjini akiwa na mama yake aliyemzaa, asimame mbele na wenzake, ampe maua mgeni rasmi. Mwalimu alitusomea barua mstarini mara mbili. Mtoto huyo atashonewa gauni au kaptula mpya na kupewa raba nyeupe. Sikuwahi kuvaa kiatu. Kuanzia siku ile nilianza kutembea nikichagua pa kukanyaga, ili miguu isipasuke kabla raba hazijafika.

Nilizitaka zile raba, sitaficha. Lakini zaidi nilitaka watu wajue. Nilitaka mimi na mama tusimame pale mbele, halafu ile hadithi ya furu iwe ya watu wote.

Shida ikaja pale mwalimu alipofungua daftari na kukuta watoto kumi na mmoja wa siku hiyo. Afisa wa elimu akatumwa aje kusaidia kuchagua. Alifika na pikipiki, akakaa darasani na mwalimu na balozi, mama zetu wakaitwa, na sisi tukajazana madirishani. Afisa alipitisha kidole kwenye orodha, akavua miwani.

"Mwalimu, hawa kumi na mmoja ni Uhuru. Hawa hapa ni Saba Saba, siwezi hata kuwahesabu. Huku kwenu mwezi wa Machi watu wanafanya nini?"

"Wanapalilia, Ndugu Afisa," alisema mwalimu, na jasho likimtoka.

Mama mmoja mmoja akasimama. Hapo tarehe za mwalimu zikaanza kudondoka. Wa kwanza alieleza kwamba mwanawe alizaliwa mahindi yakiwa ya magoti, na bendera ya Uhuru alikuja kusikia habari zake mtoto akiwa ameshaanza kukaa. Wa pili alisema wake alizaliwa miaka mitatu kabla, na kwa kweli mvulana huyo alikuwa ameanza kuota ndevu kidogo. Wa tatu alibishana na mume wake mlangoni mpaka balozi akawatoa nje. Kila mmoja alipomaliza, kalamu nyekundu ilipita. Dirishani mimi nilihesabu: kumi, tisa, nane. Nilimfinya rafiki yangu mkono kwa furaha, naye akavumilia.

Mwishowe nikabaki mimi. Mama akasimama. Alikuwa amejifunga kitenge chake cha kanisani.

"Wewe mama," afisa alisema, "mtoto wako kazaliwa lini?"

"Ijumaa," alisema mama. "Siku moja kabla ya Uhuru. Jioni."

Nilidhani sikusikia vizuri. Mwalimu naye aliinua kichwa, maana wakati wa kuniandikisha mama mwenyewe alimtajia tarehe, na hiyo ndiyo pekee aliyoandika bila kubuni.

"Lakini mama," mwalimu alisema, "uliniambia ni tarehe tisa."

"Nilijisifu tu, mwalimu. Watu wote walikuwa wanasema Uhuru, na mimi nikasema Uhuru." Kisha akamgeukia afisa. "Ila mwenye siku yake yupo. Hamjamwita. Ni yule mjukuu wa bibi, huyo aliyesimama dirishani na binti yangu. Mama yake alilala kitanda kilichofuata changu pale misheni. Alijifungua Jumamosi mchana, ngoma zinalia nje, na jioni akatuacha. Mimi nilikuwa pale, nilimfunga kidevu kwa mikono yangu."

Afisa akavaa tena miwani. Wakamtuma mtoto kumwita bibi. Alikuja polepole na fimbo yake, akaulizwa. Alimtazama mama yangu kwa muda mrefu, mpaka afisa akakohoa. Halafu akasema, "Ndiyo. Ni siku hiyo," akakaa chini na kufunika uso kwa khanga.

"Barua inataka mama mzazi," balozi alikumbusha.

"Mama mzazi hayupo, na mtoto mwingine hayupo," afisa alisema. "Aende na bibi yake."

Kalamu nyekundu ilifanya kazi mara mbili. Rafiki yangu akatolewa Saba Saba, akapelekwa Uhuru. Mimi tisa yangu ikakatwa, juu yake ikaandikwa nane. Niliiona kwa macho yangu, wino bado mbichi.

Sikuongea na mama siku tatu. Si kwamba alikuwa amenikosesha raba tu. Hilo lilikuwa kubwa, lakini lililoniuma zaidi ni ile hadithi. Ngoma, muuguzi, mara ya tatu, vyote vilikuwa uongo, na aliyenidanganya miaka yote ni mama. Siku ya nne akaniwekea bakuli la michembe na karanga mbele yangu, nikalisukuma. Hakunichapa, na hilo lilinishangaza. Mama yangu hakuwa mtu wa kubembeleza.

Siku ya sherehe tulipakiwa shule nzima kwenye lori la pamba, tukaimba mpaka mjini. Mimi sikuimba. Uwanja ulikuwa umejaa, kwenye mawe yale makubwa ya Mwanza watoto wamekaa mpaka juu, na mbele kabisa kulikuwa na mstari wa watoto wa miaka kumi na mama zao. Mwisho wa mstari alisimama rafiki yangu na gauni la bluu, raba zikimeta, na pembeni yake bibi amevaa khanga mpya ambayo mikunjo yake ya dukani ilikuwa haijatoka. Mgeni alipofika kwao aliinama, akapokea maua, akamsalimia bibi kwa shikamoo. Bibi aliitikia, akacheka. Nilikuwa sijawahi kuyaona meno yake. Alikuwa akilia na kucheka kwa pamoja, na amemshika mjukuu mkono kwa nguvu kama anayevuka naye mto.

Watu wote walimtazama mgeni. Mama yangu alimtazama bibi. Nilimwona akifuta macho kwa ncha ya kitenge, na kwa wivu wangu nikaona kwamba amempenda mtoto wa watu kuliko mimi. Tuligawiwa mandazi. Langu nililikataa, kisha nikalijutia njia nzima hadi Kisesa.

Kesho yake rafiki yangu alikuja nyumbani, raba amezifunga kamba na kuzitundika shingoni ili zisichafuke. Akanisimamia mlangoni.

"Shikamoo dada," alisema.

"Dada yako nani?"

"Wewe. Mama yako amesema umenizidi siku moja. Shikamoo."

Nikamsonya. Msonyo mrefu, wa kutoka tumboni. Alicheka, na kuanzia hapo hakuacha. Alinisalimia shikamoo kisimani, njiani, shambani kwenye pamba ya kijiji, mbele ya watu. Darasa zima likanicheka, wakaniita bibi wa siku moja. Kila aliponiamkia nilimsonya. Tulifika darasa la saba hivyo, shikamoo na msonyo. Tulimaliza shule, yeye akaolewa Usagara, mimi nikaendelea na masomo, na tulipokutana likizo ilikuwa vilevile. Lakini nikumbuke na hili: tangu mwaka ule mlango wa bibi haukufungwa tena siku ya Uhuru. Alikaa nje kwenye kigoda, amevaa ile khanga, anagawa viazi vya kuchemsha kwa kila mtoto anayepita, akisema leo ni siku ya mjukuu wangu.

Nilisomea ukunga. Mwaka wa pili wa mafunzo wakanipeleka kwa mazoezi kwenye zahanati ya misheni, ileile. Siku moja muuguzi mkuu akaniambia nisafishe kabati la vitabu vya zamani, lililokuwa na mende wengi kuliko vitabu. Humo nikakuta kitabu cha wazazi cha mwaka wa Uhuru. Siku ile ya kuchagua watoto, hakuna mwanamume hata mmoja aliyefikiria kuja kukitazama. Walitegemea midomo ya mama zetu.

Nilikifungua kwa udadisi tu. Tarehe tisa Desemba ilikuwa na mistari miwili, mwandiko mmoja mzuri wa kulala. Mstari wa kwanza, saa tatu asubuhi: jina la mama yangu, mtoto wa kike, hali njema. Mstari wa pili, saa nane mchana: jina la mama wa rafiki yangu, mtoto wa kike, hali njema. Pembeni, kwa kalamu nyingine, waliandika kwamba mama amefariki jioni. Nilirudi ukurasa wa nyuma kuangalia Ijumaa. Hakuna aliyejifungua Ijumaa.

Nikakaa chini sakafuni pamoja na mende.

Jumapili nilipopata ruhusa nilikwenda nyumbani. Mama alikuwa uani anakata viazi vya michembe na kuvianika juu ya jiwe.

"Mama, nimeona kitabu cha misheni. Cha mwaka wa Uhuru."

Kisu hakikusimama. "Kumbe bado kipo. Nilidhani mchwa wameshakimaliza."

"Kwa nini ulinifanyia vile?"

"Walitaka mtoto na mama aliyemzaa," alisema. "Wangewakuta wawili, siku moja, mmoja ana mama, mwingine ana bibi mwenye fimbo. Wangemchukua nani? Wangekuchukua wewe bila hata kufikiri. Na yule mzee angefunga mlango mwaka ule, na mwaka mwingine, na mwingine. Mtoto angekua anajua siku yake ni ya kufungiwa ndani. Mimi nilimwona mama yake, mwanangu. Alimshika mtoto kidogo tu, akaniuliza hizo ngoma ni za nini. Nikamwambia ni za mwanao. Nilikuwa sina jibu jingine."

"Ungeniambia."

"Ungesema. Mdomo wako haukuwa na kifuniko."

"Na mimi je? Mimi nilikuwa na nini?"

Akaweka kisu chini, akanitazama kama mtu anayeulizwa jambo lililo wazi.

"Wewe ulikuwa na mimi."

Nililia, na sikuona aibu. Miaka kumi nilikuwa nimemwita mwongo moyoni. Uongo wake ulikuwa mmoja tu, alioutoa mbele ya afisa na balozi huku mwanawe akimtazama dirishani. Tulianika vile viazi pamoja, na sikumwambia mtu yeyote.

Likizo iliyofuata nilikutana na rafiki yangu Nyegezi kwenye mabasi, amebeba mtoto mgongoni na kuku mkononi. "Shikamoo dada," alisema, akijiandaa kusonywa.

"Marahaba," nikasema. "Hujambo mdogo wangu?"

Alinitazama kidogo. Kisha akaendelea na habari za kuku.

Tarehe nane ikanifuata maisha yangu yote. Ipo kwenye vyeti, ipo kwenye kitambulisho, ipo kwenye barua iliyonistaafisha siku moja kabla ya siku yangu. Mimi niliyewakaripia wakunga vijana kwa kukosea dakika tano za mtoto wa mtu, nilitia sahihi chini ya tarehe isiyo yangu kila nilipoambiwa tia sahihi hapa. Mama ameshatangulia, na yule bibi pia. Nilipotimiza miaka sitini, Uhuru nao ukiwa unatimiza sitini, niliona sasa nimwambie rafiki yangu ukweli. Sisi ni wazee, nikajiambia, haitaumiza mtu.

Alinipigia simu asubuhi ya tarehe nane, kama kila mwaka.

"Shikamoo dada. Hongera kwa kuzaliwa."

"Marahaba. Sikiliza, nina jambo la siku nyingi. Kuhusu ile siku shuleni, afisa alipokuja..."

"Acha tu dada," alisema. "Najua."

"Unajua nini?"

"Kwamba ulizaliwa kesho. Bibi aliniambia nikiwa bado msichana, akanikataza kukuambia. Alisema siku yako utaijua mwenyewe, na utakapoijua uje uidai. Nikangoja. Halafu ukaenda misheni, nikakutana na wewe Nyegezi, nikakuamkia, ukaniitikia marahaba. Wewe, uliyenisonya miaka yote ile! Nikajua huyu ameona."

Nilimsikia upande wa pili akimfukuza mbuzi.

"Basi nikaendelea kungoja uje kuidai," alisema. "Karibu miaka arobaini. Hukuja."

"Basi usiniamkie tena," nikasema. "Tumelingana. Nimekuzidi saa tano tu."

"Sitaki," alisema. "Kesho asubuhi panda gari uje Usagara, nimeshachinja. Uje na khanga mpya, tukae nje wote wawili. Haya. Shikamoo dada."

Nilifuta macho kwanza, nikaitikia.